Mkono wa Saba wa Vanishi

Idris mwanangu,

Tuko nyumba moja. Wewe uko uani unafunga sanduku la zana kwa kamba ya mkonge, mimi niko kibandani nyuma ya mlango nilioutia komeo, na bado nakuandikia barua. Cheka ukitaka. Ningeweza kukuita nikakwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua: ukikaribia jambo lenyewe unageukia habari za msumeno. Kalamu angalau haina pa kugeukia.

Alasiri tumeshaswali. Lori la Dahir linaondoka kesho baada ya alfajiri, na pasi yako ya kutoka wilayani imegongwa muhuri. Habari za kula vizuri, kuchagua marafiki na kutolala dirisha wazi umeshaambiwa na kila jirani wa mtaa huu, hata wale wasiojua Mombasa iko upande gani. Mimi sitarudia. Nina jambo moja tu, nalo nimelikwepa tangu uanze kusema: nilikudanganya kuhusu kifo cha mama yako. Leo nakwambia kweli, kisha utaamua mwenyewe kama mtu wa namna hii anastahili kuagwa.

Nisijifanye mtakatifu. Kilichonisukuma kwanza ni woga. Unakwenda kufanya kazi mahali pale pale pa kuundia mashua nilipofanya mimi, kazi ile ile: kutengeneza vyumba vya ndani vya mashua za matanga, za Wazungu wanaopenda kukaa baharini miezi kwa miezi. Wazee wa pale hawasahau. Siku moja mmoja wao atakutazama uso, atauliza wewe mwana wa nani, na atakwambia. Nilikosa usingizi kwa hilo. Baadaye woga ukapungua ikabaki aibu, na sasa ni aibu inayoandika.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sitaki hata kufika Mombasa kutembea. Nilikuwa nakujibu kwamba joto la kule lina maji mengi. Jibu la mpumbavu, na wewe kwa adabu yako ukalipokea.

Unajua mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa Kipini, mto huu unapomwagikia baharini, nikaja Garissa kijana kwa kazi ya serikali: madawati, viti, milango ya ofisi. Garissa ilinifundisha useremala upya. Hapa ubao hauna kazi nyingine ila kunywea na kusinyaa. Unatengeneza kabati leo, baada ya miezi mitatu ya jua viungo vimeachana, milango inacheza, na mteja anakuja na maneno. Kwa hiyo seremala wa huku huzoea kubana. Nami nilibana, Idris, nikabana mpaka droo zangu ukizisukuma zinatoa pumzi. Watu wakanisifu. Mtu mwingine hulewa tembo, mimi nililewa hizo sifa.

Alikuwepo Mzungu mmoja wa ofisini, mtu mpole, anayekaribia kustaafu. Hii ni miaka michache kabla ya vita vya Mtaliani. Mashua yake ilikuwa inaundwa Mombasa, yenye chumba cha kulala watu wawili, yeye na mkewe. Akaiona meza niliyomtengenezea, akasema chumba chote cha ndani nitakitengeneza mimi, hapa hapa Garissa, kisha kipelekwe vipande vipande. Akaniletea vipimo na makaratasi magumu yaliyokatwa kwa umbo la ubavu wa mashua. Vitanda viwili, meza ya kukunja, kabati la vyombo, rafu zenye ukingo ili vitabu visimwagike mawimbi yakija, droo kumi na moja, na mlango. Mvule mtupu, uliokaa ghalani hapa miaka minne ukikauka.

Nilifanya kazi ile miezi saba. Mama yako alikuwa akija na chai ya tangawizi, anakaa kwenye kizingiti, anapitisha kiganja juu ya mbao nilizozipiga msasa. Hawa alikuwa binti wa wafugaji, Kiswahili chake nilimfundisha mimi na hakikutaka kunyooka. Siku moja akaniuliza:

"Hii nyumba ya maji, watu nalala ndani, maji iko nje?"

"Ndiyo."

"Na mbao yako? Ngamia ikikaa na kiu siku mingi, ikifika kisimani inakunywa mpaka tumbo inafura. Mbao haitakunywa?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaweka randa chini. Nikamwambia mambo ya ngamia ayaache kwao, haya ni mambo ya ufundi. Mimi, mtoto wa Kipini, niliyekua nikiona milango ya kwetu ikigoma kila msimu wa mvua, nilimcheka mwanamke aliyekuwa hajaona bahari. Miaka tisa ya ukavu ilikuwa imenifuta akili. Yeye hakukasirika. Alimaliza chai yake, akachukua birika akaondoka.

Na kosa halikuishia hapo. Nilipaka vanishi mikono mitatu, yaani vanishi juu ya vanishi, upande wa mbele tu. Migongo ya mbao niliiacha mitupu. Niliona, nani ataiangalia? Uso uling'aa mpaka ungeweza kuutumia kama kioo cha kunyolea ndevu.

Nilipoondoka kwenda kuvifunga vitu vile ndani ya mashua, Hawa alikuwa na mimba yako ya miezi sita. Nikamwambia siku ishirini. Akanifungia nyama kavu kwenye kibuyu, akasema, "Siku ishirini. Mimi nahesabu."

Mombasa, siku ya tano, droo ya kwanza ilikataa kufunguka. Siku ya kumi zilikataa zote kumi na moja. Mlango ulivimba ukakaba fremu yake, na mbao za ukutani, kwa kuwa zilikunywa kwa mgongo na usoni zimefungwa, zilijikunja kingo kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa bila vigingi. Vanishi ikapasuka. Kazi ya miezi saba, na kila fundi pale alipata nafasi ya kupita akaitazama.

Mkubwa wao alikuwa Mbajuni mmoja mzee, Fundi Shee. Akagonga droo kwa kifundo cha kidole, akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikasema Kipini.

"Kipini," akasema, "halafu umeshindwa na unyevu?"

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akazichomoa mbao mbili, akanionyesha migongo, akasema maneno ambayo mimi nakupa wewe kama alivyonipa: ubao wa mashua hupakwa pande zote, mbele, nyuma na vichwani, kabla haujapigiliwa popote, kwa sababu maji hayaingii pale unapotazama. Na droo iachiwe nafasi ya unene wa kucha, ionekane imelegea, mwenye mashua anung'unike. Kisha akaniweka mkono begani. "Salim, umesema mkeo ana mimba. Rudi kwenu. Mbao hizi ziache hapa miezi miwili zizoee hewa, haziendi popote. Akishajifungua njoo, tutazikata upya pamoja."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilishamwambia yule Mzungu kila kitu kiko tayari. Niliona nikirudi Garissa mikono mitupu nitakuwa hadithi ya barazani. Nikabaki. Nikamwandikia Hawa, barua akasomewa na karani wa ofisini, kwamba kazi inakwenda vizuri ila imeongezeka kidogo. Huo ndio uwongo wa kwanza, na niliuandika kwa hati nzuri.

Nikavunja vyote. Nikaranda upya, nikakata upya. Na hapa nikwambie jambo ambalo ningependa kulificha kuliko yote: nilifurahi. Nilijifunza kwa yule mzee kila siku. Mimi nilikuwa nimepanga chumba chote kiwe mvule mweusi unaong'aa, juu, chini na kando. Shee akaingia, akakaa kitandani gizani, akasema, "Umewachimbia kaburi." Tukapaka dari na kuta rangi nyeupe isiyong'aa, tukaacha mvule kwenye kingo tu, kwenye vishikio na ukingo wa meza. Chumba kikapanuka mbele ya macho yangu bila kuongezwa hata inchi. Akanifundisha kuziviringa pembe zote, maana mashua humrusha mtu na pembe kali huvunja mbavu. Akanifundisha kwamba mkono wa mtu gizani hutafuta pa kushika, basi weka kishikio pale mkono utakapofika wenyewe, si pale panapopendeza. Nilikipenda chumba kile, mwanangu. Nilikuwa naamka naenda kukitazama kabla ya kunywa chai.

Ikabaki vanishi. Mikono saba kwa mujibu wa Shee, kila mmoja ukauke, upigwe msasa laini, ufutwe vumbi, ndipo mwingine. Pwani ilikuwa na manyunyu ya asubuhi na vanishi iligoma kukauka. Mara mbili iligeuka nyeupe kama maziwa yaliyochacha, nikaikwangua nikaanza tena. Siku ishirini zilikuwa zimeshakuwa siku sabini na tano.

Nilipokuwa kwenye mkono wa sita, akaja Dahir. Ndiyo, huyu huyu Dahir, wakati huo kijana mwenye lori jipya. Akasimama juu ya sitaha akainama mlangoni.

"Fundi, mke yako nasema kuja. Miguu nafura, macho naona giza. Ayeeyo, mama yake, ananituma mimi. Kesho asubuhi naondoka, nafasi iko mbele."

Nikamwuliza njia ikoje. Akasema kavu. Nakuandikia neno hilo alivyolisema, "kavu", kwa sababu ndilo nililokunyima miaka yote. Mvua haikuwepo. Mto haukufurika. Njia ilikuwa wazi kutoka Mombasa mpaka kivukoni, na dereva alikuwa amesimama mbele yangu ananipa kiti.

Nikatazama ukuta. Mkono wa sita ulikuwa bado unanata. Nikasema, "Mwambie nakuja na safari yako ijayo. Umebaki mkono mmoja."

Dahir akasema, "Mimi nitasema hivyo, Fundi." Akaenda.

Shee aliposikia alinifokea mbele ya watu, mara ya kwanza na ya mwisho. Akasema mkono wa saba angeupaka yeye kwa mkono wa kushoto. Nami nikajibu kwamba mke wangu ana mama yake, na wanawake wa kwao ni wagumu. Hayo ni maneno yangu. Yakinijia mpaka leo huwa naweka chini chochote nilichoshika.

Mkono wa saba uliwahi kukauka, kwa siku tatu tu. Ulikuwa mzuri. Siwezi kukuficha hata hilo, ulikuwa mzuri sana. Dahir aliporudi Mombasa nilipanda lori lake, na hakunisemesha mpaka tulipovuka mto, maji yakiwa chini kabisa, mchanga unaonekana. Kule ng'ambo akazima injini akanipa pole kwa ulimi wa kwao, "Fundi, bole."

Bibi yako Ayeeyo alikuwa mlangoni na wewe begani. Ulikuwa na siku tisa. Akasema, "Huyu mtoto yako. Mama yake tumezika." Kisha akakuweka mikononi mwangu, mikono inayonuka tapentaini, nawe ukapiga chafya.

Kwetu Kipini maiti hufunikwa kwa mbao ndani ya kaburi kabla ya udongo. Mama yako aliwahi kunisikia nikieleza, akasema ni jambo zuri, mtu alale chini ya kitu kilichorandwa. Alipokufa, seremala wa Garissa alikuwa Mombasa anasubiri vanishi ikauke. Walimfunika kwa vijiti vya mgunga na majani. Vijiti vyenyewe vilikatwa na wachungaji waliokuwa wakipita.

Yule Mzungu aliingia chumbani mwake, akapapasa kingo, akasema vizuri sana. Alitembea na mashua ile misimu miwili akaiuza. Nilisikia aliyeinunua alipaka ndani yote rangi ya kijani.

Sasa ule uwongo. Ulikuwa na miaka minne, ukaniuliza kwa nini sikuwepo. Nikasema mvua zilifunga njia, mto ukafurika, baba akashindwa kuvuka. Yalitoka haraka, laini, kama yalikuwa yamekaa tayari siku zote. Ayeeyo alikuwa amekaa pale anasuka mkeka. Hakuinua kichwa. Usiku ule aliniambia, "Mtoto mdogo akisikia hii maneno, atachukia bila kujua. Ngoja awe mkubwa, achukie kwa kujua. Lakini wewe utasema, Fundi. Si mimi." Akanyamaza mpaka alipofariki mwaka jana. Alikulea miaka ishirini na jina langu halikuchafuka kinywani mwake hata siku moja.

Nikaendelea kungoja uwe mkubwa. Ukawa mkubwa, nikaendelea kungoja.

Ulipokuwa na miaka sita nilikufuata mtoni. Ulikuwa umejaza mawe kwenye kanzu yako, unayatupa majini moja moja, na kila ukitupa unautukana mto kwa Kisomali, matusi sijui uliyatoa wapi. Unaupiga mto kwa ajili ya mama yako. Nilisimama nyuma ya miti ya mikoma nikakutazama mpaka mawe yakaisha, ukaenda kuokota mengine. Ningeweza kutoka pale nikakwambia, acha, si mto. Sikutoka. Nilirudi kibandani nikaranda ubao ambao haukuhitaji kurandwa. Mpaka leo hupendi kuoga mtoni, na mvua ikianza unaingia ndani unafunga mlango, watu wanasema Idris ana tabia za ajabu. Tabia hizo nilikupa mimi.

Sikukuandikia ili nikufunze. Wewe ni fundi kuliko mimi, nimelijua hilo tangu mwaka juzi, ila nilikuwa na wivu nikawa nakutania kwamba unapaka vanishi polepole mpaka nzi wanapata muda wa kutua. Unapaka vizuri. Unapaka migongo ya mbao bila kuambiwa. Ninachokuomba ni kidogo, na sina haki ya kukiomba: siku mtu akija kukuita, nenda hata kama brashi ingali mbichi. Iache ikauke iharibike. Zipo brashi nyingine.

Kuanzia kesho nitapika chai ya mtu mmoja. Nimejaribu kujiambia nitazoea, ila miaka yote hii, kila nilipokuwa peke yangu saa moja tu, nilimsikia Hawa akihesabu siku. Ulipokuwepo wewe ulikuwa unapiga nyundo, sauti ile inazimika. Nitakuwa mpweke, Idris. Nasema wazi kwa sababu leo nimeamua kusema mambo wazi. Hilo lisikuzuie. Ukibaki kwa kunihurumia nitakuwa nimekuibia mara ya pili.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya zana, uikute Mombasa mimi nikiwa mbali. Nilishaikunja. Halafu nikaona nafanya yale yale, nakaa mahali salama naacha mwenzangu apokee habari peke yake.

Basi nafungua komeo, naja uani, nakupa mkononi jua lingali juu. Isome mbele yangu. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kwenda kulala kwa kina Dahir, sitakushika, na asubuhi nitasimama kando ya lori utake usitake kunitazama. Ukitaka kumwuliza Dahir kama nimepunguza chochote, muulize, alikuwepo. Wala usiharakishe kwa ajili yangu. Nitakaa hapo kwenye benchi mpaka umalize, na sina kazi yoyote ninayoimalizia.

Baba yako,
Salim